Bampa ya Kijani ya Hasnida

Jumatatu, 27 Mei
Kaingia mteja gereji leo. Mwanamke mpole, jina lake Hasnida, hijabu ya zambarau, gari dogo la Myvi, jeupe. Anataka gari zima livalishwe stika ya kijani, kijani cha jani la pandani, kwa ajili ya harusi yake Jumamosi. Nikamuuliza jina la bwana harusi, maana wengine hupenda liandikwe mlangoni.

"Kamarul," akasema. "Wa Parit Jawa. Usijifanye humjui, dada Salbiah."

Kamarul wangu! Yaani, aliyekuwa wangu, kabla ya talaka.

Nikamwuliza, kwani Muar nzima mafundi wameisha? Akasema kauliza kote ni nani ambaye stika zake za bampa hazibanduki, kila gereji ikamtajia Salbiah. Baadaye ndipo akajua Salbiah ni nani. "Nilitaka kukimbia," kasema. "Nikaona bora nikuogope lakini gari lipendeze."

Nimecheka. Sikutaka, lakini nimecheka. Kazi nimeichukua.

Mama kasikia, karibu aangushe sufuria ya wali. Eti nimerogwa? Eti ikibanduka hata kona moja, mji mzima utasema ni wivu. Hapo kasema kweli. Watasema.

Basi haitabanduka.

Jumanne, 28 Mei
Milango na boneti. Sehemu bapa, kazi ya kufanya huku unaimba. Mzee Boon, mwenye gereji, kaja kunichokoza: eti namvalisha mke mwenzangu? Nikamwambia mke mwenza gani, mimi foleni hiyo nilishatoka.

Jioni nikaanza saitimira ya kushoto. Duara tupu, kama yai. Na hapo hapo Kamarul kampigia simu Mzee Boon kuuliza gari litakuwa tayari lini. Kampigia Mzee Boon! Mimi nipo, namba yangu anayo. Nikavuta ile stika kwa nguvu zote. Rangi ikapauka kwenye mviringo — nimeiona kabisa. Nikajiambia itakaa.

Jumatano, 29 Mei
Haikukaa! Asubuhi nimekuta ukingo umejikunja, umeacha plastiki nyeupe wazi. Mzee Boon kaitazama, kasema nimeivuta kama mtu anayemvuta mwenzake sikio.

Kweli, kuna sikio nililokuwa nalivuta.

Nimebandua yote. Nimefuta kwa spiriti mpaka ndani ya mfereji, mahali ambapo mafuta ya kung'arishia hujificha. Kipande kipya, kikubwa. Nikakipasha kidogo tu kwa mashine ya hewa moto, nikakiacha kilegee chenyewe. Kikianza kulegea unakipeleka taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kiganja. Mikunjo ikija, huikandamizi. Unainua, unapasha, unangoja inyooke. Mwishoni kabisa unachoma kingo kwa joto kali ili plastiki isahau ilivyokuwa kabla. Usipofanya hivyo itakumbuka, itarudi.

Saitimira zote mbili zimekaa. Nimepitisha ukucha kila mahali. Haukwami.

Nimekula tambi za mee za kukaanga, sahani mbili.

Alhamisi, 30 Mei
Bampa. Siku nzima nimepiga magoti.

Shida ni yale mashimo ya taa za ukungu. Ukitaka kuyafunika kwa kipande kimoja lazima uivute stika mpaka chini, na ikivutwa hivyo itapanda tu, leo au kesho. Mimi navalisha shimo kwanza, kipande chake peke yake, kisha kipande kikubwa kinapita juu yake. Kiungo kinajificha kwenye kivuli. Mzee Boon anasema ni kujichosha. Najichosha, ndiyo.

Hasnida kaja kuchukua gari. Kalizunguka lote. Halafu kainama, kapapasa chini ya bampa mahali ambapo hakuna atakayeangalia kamwe. Nimempenda kwa hilo, Mungu anisamehe.

Nikamwambia: wiki nzima lisioshwe. Na bomba la presha lisisogezwe karibu na kingo, maji yatapenya chini. Kasema gari atakaa nalo Kamarul mpaka Jumamosi, ndilo litakalompeleka bwana harusi kwao Hasnida, na kwamba atamwambia. Kanialika harusini.

Nikasema nina nguo za kufua.

Ijumaa, 31 Mei
Leo wameozeshwa msikitini. Nimefua.

Jumamosi, 1 Juni
Naandika nyuma ya karatasi ya vipimo, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ambayo niliapa sitaikanyaga tena.

Kamarul kapiga simu asubuhi. Kwangu, safari hii. Bampa imebanduka! Msafara wa kwenda kwa bibi harusi unaondoka baada ya adhuhuri. Nikapanda pikipiki na mashine yangu kwenye kikapu.

Nimekuta uwanja wa kina Kamarul umejaa. Wapiga matari, wabeba maua ya karatasi, shangazi zake wote. Na mama yake mlangoni, sauti ileile: "Si nilisema? Kazi ya mkono wenye kijicho!"

Wapiga matari wote wakanigeukia.

Nikapiga magoti kwenye bampa. Kona ya kulia imeinuka upana wa viganja viwili. Nikaikunjua, maji yakanitiririkia mkononi. Maji! Nikageuka. Nyuma ya mtungi wa maji, bomba la presha, bado linadondoka.

Kamarul kachuchumaa karibu yangu na mavazi yake ya kidhahabu, kasema kwa kunong'ona: "Lilikuwa na vumbi, Biah. Nida alinikataza. Usimwambie mtu, tafadhali."

"Mama yako kasema ni kijicho."

Kajitazama viatu. Tabia hii naijua, niliishi nayo. Mama yake husema, yeye hutazama viatu.

Nimekausha. Nimepitisha spiriti mara kadhaa. Kile kilichojaa maji nimekikata, nimeweka kipande kipya, nimekipasha, nimekiacha kilegee, nimekilaza bila kukivuta. Mama mtu kasimama juu yangu muda wote na sinia la wali wa njano, kila mgeni anayeingia anamweleza habari za kijicho changu. Nikachoma kingo.

Sasa nangoja ipoe. Haiwezi kuharakishwa.

Imepoa. Nimepitisha ukucha chini, pembeni, ndani ya shimo la taa. Haukwami popote.

Simu yangu inaita. Ni Hasnida, kwa video. Kamarul kaona jina, anatikisa kichwa — usipokee, usipokee. Mama yake naye kaona, kasogea na sinia lake ili asikie vizuri.

Bomba liko nyuma yangu. Nikiinua simu tu litaonekana. Nasimama, nahamia kando kidogo ili bomba lionekane lote, linavyodondoka, napokea.