Penalti Niliyoidaka kwa Kumsalimia Bibi

Mdogo wangu Zuhura,

Sisi huku Buyenzi ni wazima. Mama anakukumbuka, na Baba bado anasema gari la jirani analolitengeneza litapona wiki hii.

Umeniuliza kama aibu huisha mtu akimaliza shule. Yangu haijaisha, lakini nikusimulie jambo.

Likizo iliyopita, wajukuu wa Bibi Zaina, jirani yetu, walileta mchezo wa mpira wa kwenye televisheni. Hushiki kitu mkononi. Unasimama mbele ya kamera, na mchezaji kwenye kioo anafuata mwili wako. Vijana wa Bwiza walikuja kushindana nasi. Golikipa wetu alipoitwa nyumbani, nikasukumwa mimi golini. Ilibaki penalti moja, ikiingia, tumefungwa.

"Huyu ataomba mupira pardon," mmoja wa Bwiza akasema, eti kwa aibu yangu nitauomba mpira msamaha, wakacheka.

Kijana huyo alipopiga tu, Bibi Zaina akaingia. Nikafanya nilivyolelewa: nikainama upesi, nikamnyooshea mikono yote miwili. Golikipa kwenye kioo naye akainama, akadaka.

Sebule nzima ikapiga kelele. Yule kijana akalalamika, "Apana, hiyo haihesabiwe. Alikuwa anasalimia mukubwa."

"Na we unisalimie basi," Bibi akamwambia. "Tangu ufike sijasikia sauti yako."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, mbele ya watu wote wale. Mchezo wa pili ulipoanza, wakauliza nani atakaa golini. Moyo ulinidunda vilevile, Zuhura, lakini nilikuwa nimeshasimama mbele ya kamera.

Dada yako anayekupenda,
Mariamu