Mbwa Anayekunywa na Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie, na ukitaka kucheka cheka kwanza ndipo unijibu. Mume wangu ni fundi bomba, na kwa miaka tulikuwa tunamgawana na baa, akirudi watoto wameshalala na mimi nimeshanuna, mpaka alipojifunza kuchachusha maganda ya nanasi kwenye ndoo, na siku hizi anakaa uani na kikombe chake, ila anasema mtu mzima kunywa peke yake ni uchawi, basi kila akijimiminia anammiminia na mbwa wetu kwenye bakuli, ananiambia, "Mwache shemeji yako naye aonje, hii si pombe, ni juisi iliyolala," na mbwa analamba mpaka bakuli linateleza sakafuni, watoto wanacheka, nami nacheka nao kwa sababu baba yao yupo nyumbani. Lakini wiki hii huyo shemeji aliinuka akapepesuka, akagonga cherehani yangu, akatapika juu ya gauni la mteja, kisha akalala anatetemeka, hata akiitwa haitiki, mume wangu akasema, "Kazidiwa tu, kesho mzima," na kweli asubuhi alitembea, jioni akapewa tena. Nampenda yule mbwa, lakini nikimwondoa pale uani naogopa mume wangu atafuata wanywaji wenzake kule alikotoka. Je, vinywaji vya kuchacha vina madhara kwa mbwa, au kidogo kidogo si neno?

Fundi Cherehani Mwenye Mashaka

*

Nimecheka, kama ulivyoniruhusu. Sasa nisikilize.

Juisi iliyolala ni pombe. Ikishachacha ina kilevi, iwe ya kiwandani au ya ndoo yenu, na mwili wa mbwa haukihimili. Kinachomchangamsha mumeo kinaweza kumshusha mbwa sukari na joto la mwili, kikamziba pumzi, akafa hapo hapo miguuni penu huku mkisema kazidiwa. Hakuna kipimo kidogo nitakachokubali. Na yale maganda ya ndooni usiyatupe mahali mbwa anapofika.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, useme wazi alichokunywa, usisingizie chakula kibovu. Akipepesuka tena usingoje kuche, wala usimlazimishe kutapika.

Pole kwa hofu yako, dada yangu, ni hofu ya kweli. Lakini jibu ulilijua gauni lilipochafuka. Ulitaka nikwambie kwamba mbwa anaweza kuendelea kukushikia mume, nami nasema hawezi. Mkalishe mumeo kabla hajajimiminia, umwambie, "Naogopa ukirudi baa, ndiyo maana nimenyamaza mbwa akiumia." Bakuli litiwe maji. Akitaka mtu wa kukaa naye, vuta kigoda ukae wewe. Akinuna akaenda zake baa, hayo ni ya kuzungumza mke na mume. Mbwa hakufunga ndoa na mtu.