Tembo Aliyekuja Kuposa

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Kisongo tu wazima. Ng'ombe wa mjomba wako amezaa mapacha, na mjomba anajivuna kana kwamba amezaa yeye.

Unauliza kwa nini mashine yako, inayounganisha nukta za rada zilizo karibu ili itambue kitu, imemtaja mtu anayekokota baiskeli kuwa lori. Usiione mjinga. Shangazi yangu alifanya vivyo hivyo kule Olmotonyi, asubuhi babu yako alipokuja kuniposa.

Katika ukungu mzito shangazi aliona mwavuli, mzigo na miguu mingi, akaviunganisha vyote.

"Tembo! Pigeni madebe!"

"Shangazi, tembo ana mwavuli?" nikamuuliza.

"Hilo ni sikio, we mtoto!"

Nikamsihi asubiri, kwani kwetu mposaji aliyefukuzwa langoni hakurudi. Madebe yakalia. Ndipo tembo akagawanyika: nusu ya nyuma, punda aliyebeba asali ya posa, ikatimkia msituni, nusu ya mbele ikabaki, ikafunga mwavuli na kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu shangazi. "Karibu ndani, ila kwanza kamlete mwenzako."

Basi ifundishe mashine yako kutazama pia ni nukta zipi huondoka pamoja, maana ukaribu peke yake hudanganya. Mimi niliolewa na ile nusu iliyobaki, na hakuna debe lililoiondoa hadi leo. Babu yako anakusalimu, yuko nje anagombana na punda.

Bibi yako