Kona Hulaliwa Upande wa Ndani

Mahajanga, mtaa wa Tanambao
Ijumaa, baada ya sala na baada ya kushiba

Dada yangu Mize,

Shikamoo iwe mbele, maana nakujua, ukiikosa kwenye mstari wa kwanza barua yote utaifungia bizari. Kifua vipi? Na lile jino, bado unaligombeza au limekubali kutoka kwa heshima? Sisi huku Mungu ametuacha tulivyo. Mgongo wangu una mazungumzo yake kila asubuhi lakini siujibu. Wifi yako Echati ni mzima na anakula vizuri kuliko mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti ili Echati acheke. Unasema nahodha Makame alipofika Unguja alikupasha kwamba nduguyo karukwa na akili, anapanda pikipiki na mvi zake, tena kamwangusha mkewe mchana kweupe penye watu. Unaniamuru niiuze kabla sijaua mtu. Dada, Makame hakusema uongo. Alisema nusu. Nusu ya pili ninayo mimi, kaa kitako nikupe.

Unajua wifi yako ni mkunga. Tulipokuwa Ambanoro, kule Nosy Be, alikuwa akiitwa mpaka ng'ambo, tunavuka hadi Ankify kwa mashua, mvua isimzuie. Tangu tuhamie Mahajanga, nusu ya watoto wa Tanambao wameanzia dunia mikononi mwake. Lakini magoti, dada. Magoti yake yamezeeka kabla yake. Mwaka jana aliitwa katika kijiji cha nje ya mji, akaenda kwa miguu, na alipofika mtoto kashatoka, jirani kakata kitovu kwa kisu cha kuparia samaki, na mama kamwaga damu mpaka midomo imekuwa kama majivu. Yule mama alipona. Echati ndiye hakupona. Alirudi akautundika mkoba wake msumarini, ule wenye mkasi na nyuzi na chupa ya mafuta, akasema mkunga anayechelewa ni mgeni kama wageni wengine. Basi mkoba ukakaa pale. Watu wakija anawaelekeza kwa mwingine, kisha anaingia jikoni kugombana na sufuria. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na mitatu, sijapata kumwona amekaa bila kazi, na sikutaka kuanza kuona uzeeni.

Nami pikipiki nilikuwa nayo. Yule Mfaransa wa shamba la mlangilangi kule Nosy Be, niliyemlindia tanuri lake la kupikia mafuta ya maua, alipokuwa anarudi kwao aliona pikipiki yake haifai hata kupakiwa melini, akaniachia kama mtu anavyoachiwa paka. Niliipanda kule kwenye njia za shambani, peke yangu, polepole, sikupata ajali ila na kuku. Nilipokuja nayo Mahajanga nikaifunika turubai. Siku moja nikaifunua. Nikamwambia Echati, magoti yako yapumzike, mimi ndiye miguu yako. Akakaza kanga zake, akapanda. Alikaa upande, miguu yote kushoto, kama bibi harusi.

Njia iliponyooka tulikwenda vizuri. Nikawapungia mkono wazee wenzangu, na hapo nakiri kidogo kiburi kilikuwepo. Kisha ikaja kona ya kushoto, ile ya kuingia sokoni. Nikainamisha pikipiki, na pikipiki ilipolala tu, Echati akajitupa kulia kwa mwili wake wote, nawe unamjua mwili wake. Mimi nami nikanyoosha kiwiliwili kwenda kulia vilevile. Pikipiki yataka kushoto, wazee wawili wanataka kulia. Haikumsikiliza mtu. Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya mama mmoja anayeuza mikate ya mchele, tukalala wote watatu, mimi, mke wangu na mikate. Hapo ndipo Makame alipokuwa amesimama anakunywa kahawa. Hakutunyanyua, hilo hakukuambia.

Echati hakuumia ila kiwiko. Aliinuka, akajipangusa tui la mikate, akarudi nyumbani kwa miguu bila kugeuka. Jioni akaniambia kwa Kingazija chake, kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba sasa amekwisha kabisa, na mkoba nimpe binti wa jirani.

Sikumpa. Nilikwenda kwa Zafy. Huyu ni fundi wa pikipiki hapa mtaani, Msakalava, wakati wa vita alipelekwa Ufaransa akawa anabeba barua za jeshi kwa pikipiki, na mguu wake mmoja una alama ya bomba la moshi kama chapa ya ng'ombe. Nilimtaka atazame breki. Akazitazama, akasema breki nzima, tuonyeshe mlivyokaa. Nikampandisha msaidizi wake pale dukani badala ya Echati, nikamweleza kila kitu. Zafy akauliza mke wangu amezoea chombo gani. Nikasema mashua, ya Ankify na Nosy Be, miaka mingi. Dada, yule mtu alicheka mpaka akaweka spana chini.

Akanieleza. Mashua ikilala kushoto, abiria wote wanakwenda kulia, wakae juu, waizuie isipinduke. Mtoto wa pwani hafundishwi hilo, matako yake yanajua yenyewe. Lakini pikipiki ikilala haipinduki, inageuka. Ndivyo inavyokata kona. Ukiizuia isilale umeizuia isigeuke, na itakupeleka ilikokuwa inakwenda, iwe meza au mto. Akasema mkeo si mwoga, mkeo ni baharia, na wewe pia, ndiyo maana mmeanguka vizuri namna ile.

Nikarudi na habari hiyo kama niliyeokota lulu. Echati alisikiliza huku anachambua mchele. Akauliza, "Kwa hiyo hatukukosea?"

Nikamwambia tulikuwa sawa kabisa, ila baharini.

Akachambua tena mchele kidogo, akasema kesho baada ya alasiri.

Zafy akatutoa nje ya mji kwenye uwanda wa udongo mwekundu, akachora duara kwa fimbo. Kwanza akamkalisha Echati kama wanavyokaa wanaume, mguu huku na mguu huku, na yeye alikuwa ameshavaa suruali yangu chini ya kanga zake, hakuniomba. Mimi nikafundishwa kubana tangi kwa magoti na kulegeza viwiko, kupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake, na kutazama ninakokwenda, maana pikipiki hufuata macho, ukitazama shimo umeshaingia. Echati alipewa sheria moja tu: kona ya kushoto, kidevu chako kwenye bega la kushoto la mumeo. Kona ya kulia, bega la kulia. Ukitazama anakotazama yeye, mwili utakuja wenyewe. Na mikono kiunoni, imara.

Hapo pakawa na kazi. Tuna wajukuu sita, lakini kukumbatiana mbele ya fundi! Tulizunguka duara lile kama punda wa kinu, moramora, kama Zafy alivyokuwa akituimbia, yaani taratibu. Siku ya kwanza Echati alinikwaruza mbavu. Siku ya tatu alinung'unika tu. Siku ya saba nilisikia kidevu kinahama bega kabla sijageuza, na pikipiki ikazunguka kama ulimi mdomoni. Zafy akawasha sigara. Kwa Zafy hiyo ni zumari na ngoma.

Maneno hayakukosa. Kijana mmoja wa msikitini, ndevu mpya na kilemba kikubwa, alikuwa akisema barazani haifai mwanamke mtu mzima kupita sokoni ameshika kiuno cha mwanamume. Yakamfikia Echati. Akatuma jibu: "Mwambieni, yeye alizaliwa mikononi mwangu, tena akitanguliza miguu. Asinifundishe pa kuiweka mikono."

Baraza likahama mtaa.

Sasa sikiliza, ndipo tulipofika. Mwezi uliopita, Jumanne, jua la saa nne, mtu akaja mbio kutoka kijiji cha mbali nyuma ya vilima. Mkewe uchungu umeanza tangu alfajiri na kinachoonekana ni mguu wa mtoto. Echati aliutazama msumari, kisha akanitazama mimi. Nikachukua funguo. Akachukua mkoba.

Kwenye njia ile kuna kona moja ya kuteremka, kushoto, ndefu, mawe yamelegea, na upande wa kulia ni korongo. Madereva wa malori huisomea Fatiha. Nilipunguza mwendo vizuri, nikaingia vizuri, na katikati ya kona nikakuta mkokoteni wa ng'ombe wawili, umejaa kuni, umechukua njia zaidi ya nusu. Nafasi ilikuwapo, ya ndani, nyembamba. Lakini macho yangu, dada. Miaka sitini na mitano, nimepita dhoruba nyingi, macho yangu yakaenda kwenye pembe za ng'ombe yakagandia pale, na mwili ukakumbuka mashua, ukaanza kunyanyuka kwenda kulia. Pikipiki ikaanza kusimama. Nilijua tunaanguka. Nilijua na kule kijijini kuna nini.

Nikahisi kidevu kinanichoma bega la kushoto kama msumari, na sauti sikioni, haikupanda hata kidogo, ile ile anayosema nayo na wenye uchungu kitandani:

"Usimtazame ng'ombe. Tazama huku. Lala nami."

Akalala. Uzito wake wote akaumwaga ndani ya kona bila kunisubiri, na mimi nilikuwa na nini cha kufanya, nikamfuata mke wangu. Ng'ombe alipita hapa, karibu na sikio, nikasikia harufu ya pumzi yake. Tukatoka upande wa pili tumesimama wima.

Tulifika kwa wakati. Echati alikuwa ndani mpaka alasiri. Mimi nilikaa nje na baba mtoto, namsimulia nilivyoikata ile kona, na sikumtaja mtu mwingine. Kisha tukasikia mtoto analia, wa kike, na mamake anaomba maji ya kunywa. Echati akatoka, mikono imelowa mpaka viwikoni, amechoka, amependeza. Wanawake wakamuuliza amewezaje kuwahi, mbali kote huku. Akaninyooshea kidole, akasema, "Nilimpata dereva hodari."

Watu wote wakanigeukia. Dada, sikuwahi kupewa heshima nisiyoistahili ikanikaa vizuri namna ile. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Usiku huo mkoba haukurudi msumarini, uliwekwa mlangoni, na tangu hapo umetoka mara tisa.

Kwa hiyo siuzi. Ukimwona Makame mwambie nusu zote mbili, aache kuwa gazeti la ukurasa mmoja.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie magoti yake ayalinde, pikipiki ni moja. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni kama bado anaona, na kama haoni usimsomee barua hii, atayasahihisha maandishi kwa bakora. Binti yako mkubwa mbusu, na yule anayekaribia kujifungua mwambie wifi yako anasema atembee kila jioni na asinyanyue ndoo. Shangazi wa ng'ambo ya mto mpe shikamoo mbili, moja ya mwaka jana.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini kuna mtu amebisha hodi anahema, na hapa dirishani namwona Echati ameshapanda pikipiki, ameshika mkoba, anatazama mbele kwenye kiti kitupu.

Nduguyo mdogo, aliyelala kona na hakuanguka,
Kombo