Kaseti ya Awino Imebaki Ndani ya Redio

Jumatano jioni, Migosi. Mvua ya ziwani imenyesha tangu adhuhuri na haina dalili ya kuchoka. Aliyechoka ni mimi.

Shajara, nimezoea kukuletea ugomvi wangu na watu. Umeyasikia yote: mkuu wa wilaya, askofu, mhariri aliyeikata makala yangu katikati, wazazi wanaoniambia kuwa historia ni somo la kupotezea watoto wao muda. Leo nimekuletea ugomvi na redio ya gari.

Nimeshindwa.

Ndani ya redio hiyo kulikuwa na kaseti ya dada yangu, Awino. Alikuwa muuguzi ng'ambo. Mama yetu hasomi, na Awino hakutaka barua zake zisomwe na mtu wa tatu, kwa sababu kila msomaji pale nyumbani Seme huongeza chumvi yake. Kwa hiyo alikuwa akizungumza kwenye kaseti. Na kwa kuwa wanawake hawa wawili hawakujua kutupa kitu kizima, kaseti ilikuwa moja tu. Awino alijaza pande zote mbili, akaituma. Mama akaisikiliza mpaka akaridhika, kisha akarekodi majibu yake juu ya maneno ya bintiye, nami nikaipeleka posta. Ilikwenda na kurudi hivyo kwa miaka. Kila sauti iliifuta iliyotangulia, na hakuna aliyeona hasara, maana nyingine ilikuwa njiani.

Mara ya mwisho ilirudi na sauti ya Awino. Kabla Mama hajajibu, Awino mwenyewe akarudi, ndani ya sanduku. Tulimzika kando ya nyumba ya Mama. Kaseti haikurekodiwa tena.

Tangu hapo, kila Jumamosi mimi huenda Seme. Mama huketi kiti cha mbele cha gari langu, mlango wazi, mguu mmoja nje kwenye nyasi. Nageuza ufunguo, Awino anaanza kusema. Macho ya Mama yameingia ukungu, lakini masikio yake bado makali. Akimaliza pande zote mbili husema, "Inatosha," akaenda kwa kuku wake. Haombi kurudia.

Mara ngapi nimejiambia nitainakili kaseti ile? Mimi, ninayewahubiria wanafunzi wangu kuhifadhi nyaraka.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na matanga kwa jirani. Unajua msimamo wangu kuhusu muziki wa matanga. Niliuandika gazetini, nikauita tabia ya kumchezea marehemu juu ya tumbo lake, na kuna nyumba mbili pale Seme ambazo hazinipi chai tangu siku hiyo. Mama alipomaliza kusikiliza alikuja binamu yangu Ouko, na wenzake wamebaki nyuma yake wakijifanya kutazama matairi.

"Mwalimu," akasema, "ile betri ya amplifaya imekufa. Tumekuja kwa hii yako."

"Muziki ule ule niliousema?"

"Ule ule. Leo betri iliyotutukana gazetini ndiyo itatuchezea." Wenzake wakacheka, na mimi pia nikacheka, kwa sababu alinipata.

Ningekataa? Mtu hanyimi betri msibani. Unaweza kukosa kuchangia ng'ombe ukasema mambo ni magumu, watu wakakuelewa. Lakini gari lako limesimama pale, lina betri, na maiti iko uani. Hata mimi sina ulimi wa kulieleza hilo. Nilifungua boneti mwenyewe.

Betri ilirudi Jumapili ikiwa hoi. Gari likasukumwa na vijana waliokuwa bado wananuka matanga, likawaka. Nikabonyeza redio. Badala ya Awino, kwenye kioo kidogo likatokea neno moja: CODE.

Gari hili liliendeshwa Ulaya kabla halijafika kwangu, na redio ilikuja nalo. Kumbe redio za namna hii zimefundishwa kwamba ukikatiwa umeme, umeibwa. Haisemi, haipigi kaseti wala haiitoi, mpaka uiandikie nambari nne za siri ambazo anazijua mwenyewe. Mwenyewe ni nani? Mimi nina hati za gari, nina ufunguo, na mama yangu ameketi mbele. Hayo yote si kitu. Nchi hii tumezoea kusimamishwa na askari njiani na kuulizwa kipande. Sasa nimenunua askari wangu mwenyewe na kumweka kwenye dashibodi.

Mama akauliza kuna nini. Nikamwambia betri.

Sikudanganya sana.

Nikaanza kubahatisha. Nambari za bamba la gari. Nambari za mwisho za injini. Moja mbili tatu nne, kwa sababu dunia imejaa wavivu. Baada ya majaribio machache ilibadilisha neno, ikaandika SAFE, ikanigomea. Nilikuja kugundua kwamba ukiiacha ufunguo ukiwa umewashwa kwa muda mrefu, hulegeza msimamo na kukuruhusu ukosee tena. Basi nikawa nasubiri, nakosea, nasubiri. Kila nilipozima na kuwasha, nilisikia kitu kikilia tak ndani, kama kinajaribu kuamka. Mlio ule ulinipa moyo. Niliona nimekaribia. Nimeshinda mijadala mingi kwa ukaidi tu, kwa kukaa mezani mpaka mwenzangu achoke.

Jumatatu nilikwenda kwenye yadi niliponunulia gari. Karani pale alinisikiliza akila karanga.

"Hiyo nambari huwa kwenye kadi," akasema. "Kadi huwa kwenye kile kitabu cha gari."

"Kitabu kiko wapi?"

"Kilikuwa cha lugha ya huko. Nani angesoma, bwana? Tulitupa." Akaniangalia vizuri. "Si wewe ndiye wa kuandika magazetini? Basi kiandikie kiwanda."

Nilimpa hotuba. Nilimweleza kuhusu watu wanaotuuzia mali huku wakibaki na funguo zake, kuhusu nchi inayoruhusiwa kununua vilivyotumika lakini si kuvielewa. Ilikuwa hotuba nzuri. Mteja mmoja alitikisa kichwa kukubali. Karani alimaliza karanga zake, akapangusa mikono, akaniuliza kama ningependa kuona gari jingine.

Jana baada ya masomo nikaenda Kibuye kwa fundi Were, ambaye ana kibanda cha kutengeneza redio na hana shaka juu ya jambo lolote duniani.

"Mwalimu, hii ni kama mtu aliyenuna," akasema. "Dawa ni kumnyima chakula. Tunatoa betri, tunatoa fyuzi, tunagusanisha nyaya hizi mbili, inasahau kila kitu. Ikisahau, inaanza upya."

"Were, imesahau tayari. Ndiyo maana inaniuliza."

"Basi haijasahau vya kutosha."

Akatoa betri, akatoa fyuzi, akagusanisha nyaya. Tukakaa. Akanisimulia habari za mkwewe wa Bungoma aliyetengeneza televisheni kwa kuipiga kofi. Akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha. Tak. CODE.

"Kichwa ngumu," akasema. Nadhani alimaanisha redio.

Hapo nikamwambia aachane na redio, anitolee kaseti tu. Alinyoosha spoku nne za baiskeli, akazitumbukiza kwenye vitundu vya pembeni, akaivuta redio yote nje ya dashibodi ikiwa na nyaya zake. Akafungua mfuniko. Tukainama wote wawili.

Utepe haukuwa ndani ya kaseti. Ulikuwa umejizungusha kwenye kigurudumu cha mpira, tabaka juu ya tabaka, mwingine umeshuka katikati ya meno ya gia, umesagika, umekunjika kama majani ya chai.

Were aliugusa utepe kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Ulikuwa unaiwashawasha?"

Nikasema ndiyo.

"Kila ukiwasha, kigurudumu hiki huvuta kidogo. Upande wa pili hauzunguki, umefungwa. Kwa hiyo inavuta tu, inakula."

Ule ndio mlio wa tak niliouona kuwa dalili ya ushindi. Nilikaa kwenye gari Jumapili nzima, na Jumatatu jioni tena, nikibishana na redio, na kila hoja yangu ilimeza kipande cha dada yangu. Ningeiacha ilivyokuwa, ningekubali kushindwa siku ya kwanza kama mtu mwenye akili, Were angeitoa kaseti nzima kwa spoku nne.

Alitumia wembe. Aliniuliza kabla ya kila mkato, nami nikasema kata, kata. Tuliunganisha vilivyoungika kwa selotepu, tukaviviringisha kwa kalamu. Nyumbani niliiweka kwenye redio ya sebuleni. Kwanza kulikuwa na mchakacho kama wa mchanga. Halafu sauti nzito, ya mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi, ikijikokota, huwezi kujua ni mwanamume au mwanamke. Nadhani nilisikia neno baridi. Kisha redio hiyo nayo ikaanza kuitafuna, nikaizima haraka. Zamu hii niliwahi.

Leo shule ilitoka mapema, nikaenda Seme kumwambia. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na sehemu ya kuwalaumu wenye kiwanda, sehemu ya karani na kitabu chake, na sehemu ndefu ya Ouko na matanga yao. Nilipofika, Mama alikuwa ameshasikia injini na amekuja na fimbo yake. Haikuwa Jumamosi, lakini akafungua mlango wa mbele akaketi, mguu mmoja nje kwenye nyasi zenye maji. Akanyoosha mkono mahali anapopajua. Vidole vikaingia kwenye shimo, vikagusa nyaya.

"Wuoda," akaniita, mwanangu, "wameing'oa?"

"Mimi ndiye niliyeing'oa, Mama."

"Na ile ya ndani?"

"Imekatika. Haitengenezeki."

Alitoa mkono kwenye shimo, akauweka mapajani. Nilisubiri alie, au anikemee, au aniulize ilikuwaje ili nipate pa kuanzia hotuba yangu. Hakuuliza. Mvua ilikuwa ikidondoka juu ya bati la gari. Halafu akaanza kusema, kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetoa salamu alizotumwa:

"Mama, ni mimi Awino. Nimekaa jikoni. Ukisikia maji, ni yangu ya chai. Huku baridi imeingia mpaka kwenye meno. Mama, dereva wa basi la huku hasalimii mtu hata mmoja, nikimsalimia ananiangalia kama namdai. Jumapili nilipika samaki, jirani akaja kugonga mlango, akasema kuna kitu kimekufa kwangu. Nikamwambia ndiyo, kimekufa, na ni kitamu, ingia…"

Alikuwa nayo yote. Pale Awino alipopiga chafya, Mama alisema, "Chafya." Pale alipouliza kama mparachichi umezaa, Mama aliacha nafasi ya jibu, kama Awino alivyoiacha. Hakuruka kitu. Mimi niliyeisikia Jumamosi zote zile nikiwa na gazeti mkononi, nusu ya maneno yale nilikuwa nayasikia leo.

Akafika mwisho wa upande wa kwanza. Mahali hapo mashine ya Awino ilimkata katikati ya neno. "Nikirudi Desemba, Mama, nita—"

Akanyamaza.

Nikadhani amesahau, au amefika mahali asipoweza kupita. Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa shimo, anasikiliza. Ndipo nikaelewa kwamba anangoja redio igeuze upande. Redio ile iligeuza yenyewe, kwa mlio mmoja mkavu, kila Jumamosi.

Niligonga ulimi kwenye kaakaa. Tak.

Mama akaitikia kwa kichwa. Upande wa pili unaanza na Awino akigundua kwamba amekuwa akisema peke yake na kaseti imeshaisha. Anacheka. Anacheka sana, mpaka anakohoa, kisha ndipo anaanza tena.

"Hapa anacheka," Mama akasema.

Tukangoja wote wawili, urefu wa kicheko kile. Mvua ikapiga bati. Halafu akaendelea: "Mashine imenikata, Mama. Nilikuwa nasema nikirudi nitapika mimi. Wewe utakaa tu."

Alipomaliza alisema, "Inatosha," akashuka, akaenda kwa kuku. Nilimwita kuhusu Jumamosi. Alisema Jumamosi nije na chumvi, imeisha.

Tangu nimerudi nimekaa hapa na kalamu. Nimeyaandika maneno yote ya Awino, kwenye karatasi nyingine, kama alivyoyasema Mama, na chafya yake, na nafasi ya mparachichi. Hiyo ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya zamani, na sasa nimeifanya, na hainifariji. Kila nikiyasoma nasikia sauti ya Mama. Najaribu kuirudisha ya Awino, naipata kwa neno moja, mawili, kisha Mama anaifunika, kama walivyokuwa wakifunikana siku zote. Safari hii hakuna nyingine iliyo njiani.

Na Mama akienda, nani atasema?

Nilipofika kwenye kicheko niliandika ha ha. Nikafuta. Nimeandika tu "hapa anacheka" na kuacha nafasi.

Kesho kutakucha, na nafasi itakuwa bado hapo.