Sindano Anayoingoja Bibi Yako

Ruhuwiko, Songea
Juni 1998

Mjukuu wangu Violet,

Marahaba. Huku mahindi yamekauka vizuri na baridi imeanza kuuma.

Nimeyasoma maelezo yako kuhusu zile chembe ndogo za dawa mnazozichunguza: zikiingia kwenye damu, protini za damu huzivika, na ini huzikamata kabla hazijaufikia uvimbe. Nilimsomea bibi yako Notburga, akacheka.

"Basi ni kama wewe, mzee. Ulivuka Ruvuma ukiwa Mmakonde, hapa ukavikwa Kingoni, ukavikwa na jina la Wendelini. Ukirudi Msumbiji leo, nani atakujua?"

Nilicheka naye, ingawa swali hilo ninalo tangu tulipokimbia vita.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Uvimbe wa titi lake umekua. Daktari anataka kuutoa mapema, kabla haujasambaa, naye amekataa.

"Nikatwe ya nini, na mjukuu wangu ananitengenezea sindano?"

Nimemweleza kwamba dawa yako bado iko kwenye majaribio. Anasema nakuonea wivu.

Mwandikie yeye mwenyewe. Mwambie wazi kwamba sindano hiyo haitamwahi, akubali kupasuliwa. Katekista Urbani ndiye atakayemsomea, nisije nikaambiwa nimeongeza maneno yangu.

Najua itakuuma, maana anajivunia wewe hadi sokoni. Mvunje moyo, mama, apate kuishi.

Ni mimi babu yako,
Wendelini