Waliniombea Nikiwa Chumba cha Ndani

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mlima hauonekani, mawingu yameushika tangu asubuhi, na upepo wa hapa Masakta unapenya mpaka ndani ya sweta. Moyo mzito, ila afadhali kuliko jana.

Wiki saba zilizopita kijiji kiliniaga. Padri huja kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, na mama hakutaka niondoke bila baraka, kwa hiyo nikaagwa siku aliyokuja, viza ikiwa bado haijatoka. Nilishafanya mahojiano ubalozini, na chuo cha ng'ambo kilishanipa nafasi na ufadhili wa kusomea mambo ya udongo. Tuliona imebaki kugongewa muhuri tu. Wanajumuiya wakanivika khanga, wakaimba, na bibi Paskalina, jirani yetu, akalia kuliko mama mzazi. Nami nikapunga mkono kwa madaha, utadhani nimeshafika.

Nikaishia Katesh, kwa kaka yangu, nikisubiri viza. Wiki ya tatu nikiwa pale likatoka tangazo: nchi ile imesitisha viza za wanafunzi wapya kutoka nchi kadhaa, yetu ikiwemo, mpaka itakapotangaza tena. Nikasubiri wiki mbili nyingine kwa ukaidi. Kisha nikarudi nyumbani na basi la jioni, nimejitanda khanga mpaka machoni, nikamwomba mama asimwambie mtu.

Tangu hapo nimekaa ndani. Msomi mzima, naogopa kwenda kuchota maji.

Chuo hakijanitupa, lazima niseme hilo. Kuna mama wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ambaye hunipigia kila Jumatano. Jina langu, Emiliana, analitamka anavyojua mwenyewe, lakini hajakosa hata wiki moja. Wamenishikia nafasi mwaka mzima. Wamesema naweza kuanza masomo hapa hapa kwa mtandao, ufadhili ukiendelea, na utafiti nifanye kwenye mashamba ya kwetu chini ya mwalimu wa chuo kimoja cha hapa nchini. Viza tu ndiyo hawawezi kunipa. Jumatano iliyopita nilimjibu vibaya sana, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga mpaka. Nimeona aibu.

Sharti lao ni moja: barua za wakulima watano wanaokubali nipime udongo wao, zifike Jumatatu. Zisipofika, nafasi ya kuanzia nyumbani atapewa mwingine aliyekwama. Na wakulima wenyewe ni majirani zangu, ambao wanajua niko ng'ambo.

Jana niliamua kuiacha nafasi hiyo. Naandika hapa ili nisije nikajifanya baadaye kwamba sikuamua hivyo. Niliona heri nipoteze kila kitu kuliko kutoka nje nikaulizwa.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Umeiba? Umeua? Sasa unajificha nini mwanangu?" Kisha akanikumbusha kuwa leo zamu ya sala ya jumuiya imefika kwetu.

Leo walipofika, nikajifungia chumba cha ndani. Sebuleni wakasali. Bibi Paskalina akaniombea kwa jina, baridi ya huko isiniumize, nipate watu wema wa kunipa chakula cha moto. Wote wakaitikia amina. Mimi nimekaa kitandani, nimeuma ncha ya khanga.

Kwetu mwenye nyumba ndiye hufunga sala. Mama alianza vizuri, akashukuru kwa mvua, akawaombea wagonjwa. Halafu akasema, "Na mwanangu Emiliana, huko..."

Nikasubiri amalizie. Hakumalizia.

Mama yangu hajazoea kudanganya hata mtu, na mimi nilitaka amdanganye Mungu mbele ya majirani.

Nikafungua mlango.

Nilisema shikamooni. Nikawaeleza yote: viza, Katesh, kujificha, zile barua tano. Baba mmoja aliinuka akatoka bila kuaga, na najua habari zitafika Balangdalalu kabla ya jua kuzama. Acha zifike.

Bibi Paskalina alikuwa bado ameshika rozari. Nilidhani atanisuta, na ningestahili.

"Wiki saba tunaomba baridi isikuumize," akasema. "Mjukuu wangu, mbona hukutuambia tuombe viza?"

Nikaingia ndani, nikarudi na karatasi na kalamu.

Barua nimepata tatu, ya kwanza ina alama ya dole gumba la bibi Paskalina. Kesho baada ya ibada nitazitafuta mbili zilizobaki, na nitapita barabara kubwa, mchana, kichwa wazi.